Kimio, Kidakatonge na Koo la Mgonjwa

Katika istilahi za utabibu lipo kundi linalohitaji kusahihishwa kabla halijazoeleka: maneno ya kukadiria kama daktari ataweza kuliona zoloto la mgonjwa atakapomtia nusukaputi kwa upasuaji wa koo.

Wako wanaoliita jambo lenyewe "njia ngumu ya hewa". Tafsiri hiyo twaikataa. Msomaji wa Masasi au Newala atadhani koo limekauka kama gome, ilhali ugumu ni wa mwenye kutazama. "Ugumu wa kuona zoloto" ni maneno marefu kidogo, lakini yanasema kweli.

Kosa kubwa zaidi limo katika kidakatonge. Neno hili hutumiwa kwa viungo viwili: kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa, na kifuniko kinacholiziba zoloto wakati wa kumeza. Katika mazungumzo haidhuru. Lakini kipimo cha Mallampati, kilichochapishwa mwaka 1985, hutazama kile cha kwanza, mgonjwa akiwa ameketi, kinywa wazi, ulimi nje. Na daraja za Cormack na Lehane za mwaka 1984 hutegemea kuonekana kwa cha pili, kwa chombo, mgonjwa akiwa amekwisha kulala. Mwuguzi akiandika "kidakatonge hakionekani", daktari aelewe lipi? La kwanza ni tahadhari; la pili ni habari kwamba taabu imekwisha fika. Twapendekeza kimio kwa cha kwanza, na kidakatonge kwa cha pili, maana ndicho hasa kinachozuia tonge lisiingie njia ya pumzi. Kilimi hatukipendi: agizo lenye "ulimi" na "kilimi" pamoja litamchanganya mgonjwa, hasa mzee ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kimakonde, Kimakua au Kiyao.

Kimio nacho kina mambo yake. Ni jina la kiungo, tena ni jina la maradhi ambayo waganga wa jadi huyatibu kwa kukikata kiungo hicho. Kwa aliyekatwa, kimio kutoonekana si dalili ya chochote. Fomu yenye busara ingeuliza kwanza.

Kuna pia kipimo cha mwaka 2003 cha kuuma mdomo wa juu kwa meno ya chini. Kwa wengi wetu "mdomo" ni kinywa chote; basi pa kufungua tuandike kinywa, na mdomo tuuache kwa pa kuuma. Na katika uwanda wa Makonde, ambako zamani wanawake walitoga mdomo wa juu wakavaa ndonya, agizo hilo kwa bibi kizee aliyetogwa lahitaji maelezo ambayo tafsiri peke yake haiwezi kuyabeba.

Limebaki kutabiri, neno lenye harufu ya ramli. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2018 yalionyesha kwamba kipimo cha Mallampati kilichorekebishwa hugundua karibu nusu tu ya wagonjwa watakaoleta taabu. Neno la haki ni kukadiria. Atakayesoma "kutabiri" katika wodi ya Mkomaindo au Ndanda huenda akaliamini mno, asitayarishe chombo cha pili.