Lisekese: nyundo haikuwa na kazi pale

Kazi ya kubadilisha beringi za jointi ya swingamu ya baiskeli, iliyofanyika uani Lisekese hapa Masasi Jumapili, ilikuwa nzuri mpaka beringi ya mwisho. Mlioitazama mnajua ninachokisema. Shokapu ilifunguliwa kwa mpangilio, swingamu, yaani mkono unaoshika gurudumu la nyuma, ikatenganishwa na fremu, beringi chakavu zikasukumwa nje bila mkwaruzo, na namba ikasomwa kwenye mpira wa pembeni: 6902 2RS. Mpya ziliagizwa Dar es Salaam kwa namba hiyohiyo. Ya kulia ikavutwa ndani kwa bolti ndefu, nati na wosha, robo mzunguko kwa robo mzunguko, ikakaa. Hapo sina neno.

Ya kushoto ikaanza kuingia upande. Kijana wetu, fundi wa kazi hiyo, akaiweka bolti chini, akachukua nyundo na soketi ndogo, akagonga. Beringi iliingia na watu wakashangilia. Mimi sikushangilia, kwa sababu ile beringi ilikuwa imekufa kabla haijafanya safari hata moja.

Tazameni ile soketi ilikalia wapi. Ilikalia pete ya ndani. Beringi hii ina kipenyo cha milimita 28 kwa nje, 15 kwa ndani, na unene wa 7 tu. Inayobanwa na fremu ni pete ya nje. Ukigonga ya ndani, nguvu yote haina njia ya kuifikia ya nje ila kupitia gololi, na gololi hugusana na njia yake kwenye kidoa kidogo mno. Chuma ni kigumu, lakini pigo zima la nyundo likikusanyika kwenye vidoa vichache hivyo, linaacha vishimo. Huvioni. Utavisikia ukiingiza kidole na kuizungusha taratibu: inakwama, inaachia, inakwama.

Wapo waliosema pale uani kwamba jointi haizunguki, inacheza nyuzi chache tu, kwa hiyo kishimo kidogo si tatizo. Hoja hiyo imekaa kichwa chini. Gololi za gurudumu hukimbia njia nzima, na kila sehemu ya njia hupata zamu yake ya kubeba mzigo. Gololi za jointi hazina pa kukimbilia: zinakwenda na kurudi palepale, juu ya kishimo kilekile, kila tuta na kila jiwe. Ndiyo maana jointi inahitaji beringi isiyo na jeraha kuliko hata gurudumu.

Halafu lipo jambo la kuingia upande. Fremu ile ni alumini, laini kuliko pete ya beringi. Beringi iliyoinama ikipigiliwa kama msumari, ukingo wake unachonga nyumba inayoikalia. Beringi mbovu utanunua nyingine. Tundu la fremu likishapanuka, Masasi hii utalipeleka kwa nani?

Na dawa ilikuwa karibu kabisa. Beringi ikiinama, unaitoa, unafuta tundu, unapaka grisi kidogo, unaanza upya kwa bolti, na wosha pana inayokalia pete ya nje. Ikikataa bado, kuna birika jikoni. Mimina maji ya moto kwenye fremu mpaka ipate joto la nyuzi 40 zaidi ya lile la hewa, na beringi iwe imelala kwenye friza la muuza barafu. Alumini hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Kwa tundu la milimita 28 unapata nafasi inayokaribia sehemu 4 za 100 za milimita, na kwa kawaida hiyo inatosha beringi kuingia kwa kusukumwa na kidole gumba.

Mtaniambia namlaumu kijana kwa ufundi mgeni. Si mgeni. Mmoja wa waliobuni mapema mfumo wa swingamu kwa baiskeli za milimani ni Mert Lawwill, bingwa wa mbio za pikipiki Marekani mwaka 1969. Kila fundi wa bodaboda anayefungua gurudumu la nyuma anaishika swingamu. Tofauti ni ukubwa wa beringi na wembamba wa fremu.

Na ninapolinganisha, namlinganisha kijana huyo na mafundi wa Mkuti, hapahapa Masasi, wa enzi za baiskeli za Raleigh, Phoenix na Swala. Wale nyundo waliishika kila siku, kwa sababu kotapini inayobana mkono wa pedeli kwenye ekseli kwa kawaida haitoki bila kugongwa. Lakini fundi aliyejua kazi hakuigonga kotapini ikiwa hewani. Aliweka kipande cha bomba au chuma kizito chini ya mkono wa pedeli, kikasimama ardhini, ili pigo lipite kwenye chuma kile lishuke chini, lisiingie kwenye ekseli na gololi zake. Gololi zenyewe alizipanga moja moja kwenye grisi, 11 za robo inchi kila upande, kisha akakaza bakuli linalozishikilia mpaka ekseli izunguke bila kucheza. Hakuwa na venia kalipa. Alijua pigo linapita wapi, na kijana wetu mwenye soketi za kila saizi hakujiuliza.

Nimekwisha kulalamika hapa kuhusu kuloweka beringi kwenye petroli na kuhusu oili chafu ya injini kufanywa grisi. Kijana hakufanya hata moja kati ya hayo. Aliinua mpira kwa ncha ya sindano akajaza grisi, jambo linalofaa kwa jointi isiyozunguka. Nakumbusha na mashine za kuoshea pikipiki: mpira ule umewekwa kuzuia vumbi na matope, haukuwekwa kushindana na maji ya presha. Mchanga wa Masasi na barabara ya kupanda Newala vinatosha kuitesa jointi.

Sasa baiskeli ile ifunguliwe tena, upande wa kushoto tu. Beringi iliyogongwa itolewe na isirudishwe, hata kama kwa macho inaonekana mpya. Tundu lipapaswe kwa kidole: chembe za alumini ziondolewe, na mkwaruzo wenye ncha usawazishwe kwa msasa laini, usisuguliwe mpaka tundu lipanuke. Beringi mpya ikijaribiwa bila joto wala bolti ikazama yenyewe kwa kidole, basi nyumba imepanuka, na gundi ya kushikia beringi itasaidia kwa muda tu. Ikikataa kuzama, hiyo ni heri. Aingize kwa bolti. Ya kulia aiache ilivyo. Aliifunga sawasawa.