Januari ya Mwalimu wa Darasa la Kwanza

Januari, shule za msingi Tanzania humpokea mtoto ambaye juzi tu aliamka atakavyo. Mwalimu wa darasa la kwanza haanzi na herufi. Humfundisha kwanza kupanga mstari, kunyoosha kidole, kuomba ruhusa ya kwenda chooni na kuitii kengele.

Kazi hii inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, watoto walimiminika. Yakawapo madarasa yenye watoto zaidi ya 100, ilhali kiwango cha serikali ni 45 kwa mwalimu mmoja.

Hapo ndipo ufundi wa mwalimu unapoonekana. Kelele zikizidi, hapazi sauti: huanzisha wimbo wa makofi, darasa zima likaitikia. Kufikia Machi, kiranja wa miaka saba anagawa madaftari bila kuagizwa.