Python Inapoita C: Wito Usio na Mkaguzi

Mwaka 2006, toleo la 2.5 la Python lilikuja na maktaba ya ctypes, kazi ya Thomas Heller. Tangu hapo mwandishi wa programu za Python ameweza kufungua faili la C lililokwisha kukompailiwa na kuita fankisheni zake bila kuandika hata mstari mmoja wa C.

Chukua sqrt, fankisheni ya kutafuta kipeuo cha pili katika libm, maktaba ya hisabati ya Linux. Ukiipa 2.0 bila maelezo, ctypes inakataa: haijui desimali ipitishwe vipi. Ukitangaza tu kwamba kinachoingia ni c_double, yaani desimali ya C, wito unapita, lakini jibu linarudi likiwa namba kamili isiyo na maana. Kwenye prosesa za x86-64, C huacha jibu la desimali katika rejista ya xmm0. Nayo ctypes, isipoambiwa vinginevyo, hudhani kila fankisheni hurudisha namba kamili, hivyo husoma rejista ya eax na kuchukua chochote kilichomo. Hesabu ilifanyika sawasawa. Jibu ndilo lililotafutwa pasipo pake. Andika libm.sqrt.restype = c_double, na 1.4142135623730951 inatokea.

Hatari zaidi ni fankisheni inayorudisha anwani ya kumbukumbu. Isipotangazwa, kwenye kompyuta ya biti 64 anwani hukatwa ikabaki biti 32, na programu ikiigusa huweza kuanguka ghafla, bila ule ujumbe wa kosa ambao Python hutoa.

Kwa nini Python haigundui mapema? Faili la C lililokompailiwa hubeba majina ya fankisheni, wala si aina za data zinazoingia na kutoka. ctypes haina pa kuhakikishia, inaamini inachoambiwa.

Kisha kuna gharama. Katika kila wito thamani hugeuzwa, na maktaba ya libffi huzipanga kwenye rejista. Kuita sqrt mara milioni ndani ya kitanzi cha Python kunakula faida yote ya kasi ya C. NumPy ya Travis Oliphant, iliyofikia toleo la 1.0 mwaka uleule wa 2006, huziweka namba za safu mfululizo katika kumbukumbu, kisha kitanzi kizima huzunguka upande wa C kwa wito mmoja.

Wito mrefu wa ctypes una faida nyingine: CDLL, njia ya kawaida ya ctypes ya kufungua maktaba, huachilia kufuli kuu la Python wakati C inafanya kazi, hivyo nyuzi nyingine za programu huendelea.