Kilo Kumi kwa Siku Saba

Watu huhakiki riwaya na mashairi. Mimi nataka kuhakiki tangazo. Si la mtu mmoja, bali la aina moja, maana yameenea: yamebandikwa kwenye nguzo za umeme na kuta za stendi, yanazunguka katika simu, na maneno yake hayapishani sana. Punguza kilo 10 kwa siku 7, bila mazoezi, uhakika. Chini yake namba ya simu, basi. Ni maandishi mafupi, lakini yanasomwa kuliko vitabu vyetu vingi, na kwa sababu hiyo yanastahili kalamu nyekundu.

Msomaji wa rika langu huenda akashangaa kwamba kukonda kumekuwa bidhaa. Katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipojitokeza Kagera na kule Uganda, ndugu zetu wa Uganda waliuita ugonjwa ule Slim, na kwa miaka mingi baadaye mtu aliyepungua mwili alitazamwa kwa jicho la huruma au la umbeya. Unene ukawa cheti cha afya. Sasa mambo yamegeuka, wala si bila sababu. Utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta kwamba katika kila wanawake 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49, wapatao 28 walikuwa na uzito uliozidi. Kisukari na shinikizo la damu havikai tena mjini peke yake. Kwa hiyo simcheki anayetaka kupungua. Ninayemhakiki ni yule anayemuuzia njia.

Chuoni tulifundishwa kwamba katika kusahihisha hesabu hutazami jibu tu, unatazama na njia. Basi tutazame njia. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba kalori zipatazo 7,700. Kilo kumi ni kalori 77,000. Ukizigawa kwa siku saba, mtu anapaswa kutumia kalori 11,000 kila siku zaidi ya alichokula. Mwanamke wa kazi za kawaida hutumia kama 2,000 kwa siku, na mkulima anayeshinda na jembe tangu alfajiri hafiki hata nusu ya hizo 11,000. Tuseme basi mtu asile kitu chochote kwa juma zima. Mwili wake utatumia kalori 14,000, yaani mafuta yasiyofika kilo mbili. Mwanafunzi wa darasa la saba angeigundua kasoro hii kama angepewa tarakimu.

Walakini mizani haisemi uongo, na wapo wanaopanda juu yake baada ya juma wakaona kilo tano zimetoka. Zimetoka wapi? Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikamana na maji yapatayo gramu tatu. Akiba ikiisha, maji yake huenda na mkojo. Matumbo nayo yamekuwa matupu. Na ikiwa katika dozi mmetiwa majani ya sanamaki, kama ilivyo katika chai nyingi za kupunguza tumbo, mtu anaharisha. Kilichopungua kwa sehemu kubwa ni maji, na pamoja na maji yale hutoka potasiamu, chumvi ambayo moyo hauwezi kupiga sawasawa bila hiyo. Ukirudi kula na kunywa, maji hurudi, na muuzaji hukuambia ununue chupa ya pili.

Juu ya moyo kuna historia ambayo wauzaji hawaitaji. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Marekani, Robert Linn, alitoa kitabu cha kuwafundisha watu kupungua kwa kunywa protini ya maji peke yake, kalori zisizozidi 400 kwa siku. Protini yenyewe ilipikwa kutokana na ngozi na kano za ng'ombe, yaani makombo ya machinjioni. Watu walipungua kweli kweli. Kisha wakaanza kufa ghafla, wengi wao wanawake ambao hawakuwa na ugonjwa wa moyo uliojulikana. Mamlaka za nchi ile zilipokea taarifa za vifo vipatavyo 60. Mwaka 1979 madaktari walichapa uchunguzi wa 17 kati ya waliokufa: mapigo ya moyo yalikuwa yamevurugika. Nao hawakufa juma la kwanza, bali baada ya miezi, walipokuwa wakisifiwa na jirani zao kwa kupendeza.

Hapo wengi wa wapinzani wa matangazo haya hufunga kitabu na kusema kwamba kupungua kwa haraka ni sumu. Sikubaliani nao. Mwaka 2017 matokeo ya jaribio moja la Uingereza, lililoongozwa na maprofesa Roy Taylor na Mike Lean, yalichapwa katika jarida la The Lancet. Wagonjwa wa kisukari aina ya pili, ambao hawakuwa wakitumia sindano za insulini, waliacha chakula cha kawaida na kutumia vinywaji vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano. Baada ya mwaka mmoja, karibu nusu yao, 46 katika kila 100, hawakuwa na sukari ya kiwango cha ugonjwa wala hawakuwa wakimeza dawa zake. Katika kundi la matibabu ya kawaida walikuwa wanne tu. Hata ule msemo kwamba kinachotoka haraka hurudi haraka ulipimwa kule Melbourne mwaka 2014: waliopungua kwa majuma 12 na waliopungua kwa majuma 36 walirudisha uzito sawasawa. Kasi peke yake, basi, si mkosaji.

Mkosaji ni yule anayechana ukurasa mmoja katika kitabu na kuuza huo. Katika jaribio lile vinywaji vilikuwa vimetiwa vitamini na madini yote ya siku. Vidonge vya kisukari na vya shinikizo la damu vilisimamishwa siku ile ile ya kwanza, na wahudumu waliofunzwa wakawa wanawaona watu hao mara kwa mara. Chakula kilirudishwa kidogo kidogo kwa majuma kadhaa. Na pamoja na uangalizi wote huo, mmoja wao alipata maumivu ya nyongo, kwa kuwa kupungua upesi huzalisha mawe katika kibofu chake. Tangazo letu limechukua kasi na kuacha hayo mengine yote.

Suala la vidonge ndilo linalonitia hofu zaidi huku kwetu Kilimatinde, kwa maana wanaonunua dozi hizi wengi ni watu wazima wenye kadi za kliniki. Mwalimu mmoja niliyewahi kufundisha naye alipunguza chakula hadi matango na maji ya ndimu, lakini kidonge chake cha sukari, kile cha kuisukuma kongosho, akakimeza kila asubuhi kama alivyozoea. Siku ya nne alianguka njiani akitoka jasho jingi na kusema maneno yasiyoeleweka. Waliomwokota walidhani amelewa, jambo lililomuudhi baadaye kuliko kuanguka kwenyewe, maana ni mzee wa kanisa. Sukari aliyopewa hospitali ilimrudisha. Muuzaji hakuwa amemuuliza kama anatumia dawa yoyote.

Tujaribu pia kuiweka hiyo 800 jikoni mwetu. Gramu 100 za unga wa uwele ni kama kalori 360, na kijiko kikubwa cha mafuta ya alizeti ni kama 120. Sahani moja nzuri ya ugali na mlenda uliotiwa mafuta imekwisha kula zaidi ya nusu ya siku. Kwa hiyo anayejitungia mwenyewe hubaki na wanga kidogo bila protini ya kutosha, na mwili hujilipa kwa kula misuli yake. Kwa mama anayenyonyesha, au mtu anayekohoa ambaye hajapimwa kifua kikuu, sioni hata sababu ya kulijadili.

Kuna tofauti nyingine inayochanganywa. Profesa Mohamed Janabi, alipokuwa akiongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na baadaye Muhimbili, alizungumza sana hadharani juu ya sukari, wanga na kupunguza idadi ya milo, na Watanzania wakafanya utani mwingi. Kupunguza milo si sawa na kujinyima juma zima, lakini wauzaji hupenda kusimama chini ya mwavuli wa madaktari.

Sehemu inayokosekana kabisa katika tangazo ni siku ya nane. Bibi yangu aliiona Mtunya, ile njaa iliyoiangamiza Ugogo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, majeshi ya pande zote yalipochukua ng'ombe, nafaka na wanaume. Alisema aliyekonda kwa njaa hupewa uji mwepesi, kidogo, tena na tena, na kwamba wapo waliofia penye chakula. Madaktari waliliona jambo hilo kwa wafungwa waliofunguliwa baada ya Vita Kuu ya Pili, nao wakaeleza sababu yake: wanga ukiingia kwa wingi katika mwili uliokaa bila chakula, insulini huzisukuma fosfeti na potasiamu ndani ya seli, damu hupungukiwa, na moyo hushindwa. Aliyekaa siku zaidi ya kumi bila kula cha maana yumo katika hatari hiyo. Sasa fikiri juu ya binti anayejinyima kwa ajili ya sherehe ya kuagwa, kisha sherehe ikafika, na mbele yake pilau na soda.

Jaribio la Uingereza liliendelea kufuatiliwa. Baada ya miaka miwili waliobaki bila kisukari walikuwa 36 katika kila 100. Kwa wale walioendelea kufuatiliwa hadi mwaka wa tano, wakipewa msaada mdogo, walikuwa 13. Watafiti walizichapa tarakimu hizo wenyewe, pamoja na zile za kuwapendeza.