Nani Kafungwa? Mwongozo wa Kushabikia Timu ya Kusini

Ukihamia Masasi au Newala kwa ajira mpya, ya ualimu au ya uuguzi, wiki haitaisha kabla hujaulizwa maswali mawili: unatoka wapi, na wewe ni Simba au Yanga? Swali la kwanza lina majibu mengi. La pili lina mawili tu. Ukijibu kwamba unashabikia timu ya huku huku, watu watacheka kwa wema, kisha watarudia swali.

Mwongozo huu ni wa mgeni anayetaka kulipatia swali hilo jibu la tatu. Ila kabla ya kuzungumzia jezi na nauli, inabidi tuisome lugha yenyewe ya mpira wetu, kwa sababu ushabiki huanzia kwenye sentensi.

Chukua vichwa vya habari vya aina hii, ambavyo kila msomaji wa magazeti ya michezo anavijua: Simba yabanwa Mtwara. Yanga yalazimishwa sare ugenini. Simba yapeta Kusini. Yanga yaambulia pointi moja. Ziangalie kama mwanafunzi wa sarufi. Kiima ni kilekile kila mara. Timu kubwa ikishinda, ni mtendaji. Isiposhinda, kitenzi kinageuzwa kuwa cha kutendwa, na mtendaji anafutwa. Nani kambana Simba? Nani kamlazimisha Yanga? Sentensi haisemi. Mtwara inabaki kuwa mahali ambapo jambo lilimpata mtu wa Dar es Salaam.

Ndanda FC iliishi ndani ya sarufi hiyo kwa misimu sita. Ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2014/15 na kushuka mwisho wa msimu wa 2019/20. Jina lake limetoka Ndanda, wilayani Masasi, pale chini ya uwanda wa Makonde, kwenye misheni ya Wabenediktini iliyoanza 1906 na hospitali inayojulikana Kusini nzima. Mechi zake za nyumbani ilizichezea Mtwara mjini, zaidi ya kilomita 100 kutoka mahali palipoipa jina. Mashabiki walijiita Wana Kuchele. Kuchele, kwa kauli ya watu wa huko, ni kumekucha.

Kumbuka ilikuja lini. Mwaka 2013, Mtwara ilitajwa nchi nzima kwa sababu ya gesi: maandamano ya Januari, ghasia za Mei, wanajeshi mitaani, bomba linalokwenda Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ikatajwa kila wiki kwenye msimamo wa ligi. Sidai kwamba mpira uliponya lolote. Ninachosema ni kwamba kwa miaka sita jina la Kusini lilisomwa redioni bila kuambatanishwa na gesi wala bei ya korosho, na hilo si jambo dogo kwa mkoa ambao taifa huukumbuka msimu wa mnada.

Uwanja wenyewe unaitwa Nangwanda Sijaona, kwa heshima ya Lawi Nangwanda Sijaona, aliyekuwa waziri katika serikali ya Nyerere na kiongozi wa Umoja wa Vijana wa TANU. Simba au Yanga zilipofika hapo, majukwaa yalivaa nyekundu, au kijani na njano. Watu waliotoka Tandahimba na Newala kwa basi, kwa fedha ya korosho, walilipa kiingilio cha nyumbani ili kumshangilia mgeni. Ndanda ikapata mapato makubwa kuliko ya siku nyingine zote, na ikacheza ugenini nyumbani kwake.

Hapa mtetezi wa Simba na Yanga atanikatiza, na ana hoja. Yanga ilianzishwa 1935, Simba 1936. Utani wa jadi wa timu hizi umewapa Watanzania kitu cha kubishania kisicho kabila wala dini. Mmakonde wa Kitangari na Msukuma wa Magu wanaweza kukutana kwenye kibanda umiza na kuwa ndugu kwa dakika 90. Mtu anayedai timu ya mkoa, atasema, anachezea moto ambao nchi nyingine haukuwazimikia.

Ninaikubali nusu ya kwanza. Nusu ya pili inasahau kwamba ligi si harusi ya watu wawili. Udugu ambao unamtaka mmoja wetu awe mandhari tu ya hadithi ya mwenzake una kasoro. Na uzoefu unaonyesha kwamba timu ya mkoa haihitaji chuki ili ipendwe. Itazame Namungo FC ya Ruangwa, jirani zetu wa mkoa wa Lindi.

Namungo ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019, mwaka mmoja kabla Ndanda haijashuka. Tarehe 2 Agosti 2020 ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Simba mjini Sumbawanga, ikafungwa 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, nafasi ya Kombe la Shirikisho Afrika ikaenda Ruangwa. Februari 2021 timu ilikwama Angola kwa masuala ya vipimo vya korona, mechi dhidi ya Primeiro de Agosto haikuchezwa, na CAF ikaamua zote mbili zipigwe Dar es Salaam. Namungo ikashinda 6-2, ikafungwa 3-1, ikaingia makundi pamoja na Raja Casablanca, Pyramids na Nkana. Wilaya ya wakulima wa korosho na ufuta ikawa kwenye ratiba moja na Casablanca.

Hata hivyo shabiki mpya asifumbe macho. Uwanja wa Namungo una jina la Majaliwa, mbunge wa zamani wa Ruangwa aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2015 hadi 2025. Timu inayokua kwenye kivuli cha mti mkubwa hupata ubaridi, lakini mizizi yake haijapimwa na jua. Anguko la Ndanda linauliza swali hilohilo kwa upande mwingine: timu isiyo na mti inaishi kwa nini? Viingilio vya mechi mbili za wageni wakubwa haviendeshi msimu mzima. Mkataba wa Azam wa 2021, wa miaka kumi na zaidi ya shilingi bilioni 225, unazisaidia klabu zote, ila hauwezi kununua watu wa kukaa jukwaani siku ambayo mgeni si Simba wala Yanga.

Basi, mgeni wa Masasi, haya ndiyo maelekezo. Nenda siku hiyo. Chagua mechi ya katikati ya msimu, jioni ya kawaida, mpinzani asiye na tawi mtaani kwenu. Jifunze majina ya mabeki, maana washambuliaji wakifunga watauzwa. Simba au Yanga yako baki nayo ukitaka. Hakuna anayekudai talaka. Lakini wanapokuja huku, kaa upande wa wenyeji walau kipindi kimoja, usikie uwanja unavyosikika kutoka huko.

Na ukirudi nyumbani, ukiulizwa matokeo, anza na wenyeji. Usiseme Yanga kabanwa. Taja aliyembana.