Mota Ndogo Ikigoma, Usianze kwa Kuifungua

Kati ya Nyakabere na Uvira mota ndogo za umeme zimejaa majumbani: ndani ya redio kaseti za zamani, ndani ya feni za sola, ndani ya magari ya kuchezea. Ikigoma moja, wengi hukimbilia bisibisi. Vile vijino vya bati vinavyoshika kifuniko hukunjuliwa, brashi huchomoka, na mota ambayo huenda ilikuwa nzima inaharibikia mezani. Hoja yangu ni moja: kuifungua mota ni hatua ya mwisho, na kabla yake zipo hatua ambazo fundi hapaswi kuziruka.

Hatua hizo wanazijua sana washindani wa magari madogo yanayokimbia kwenye mfereji, mchezo ambao Fred Francis wa Uingereza aliuingiza sokoni mwaka 1957 kwa jina la Scalextric. Gari huchota umeme kutoka reli mbili za chuma zilizo kandokando ya mfereji, kwa kawaida volti 12, nao unaingia kwenye mota ndogo kuliko kidole gumba. Kwa muundo, mota hiyo haina tofauti kubwa na hizi zetu: sumaku mbili, koili tatu, brashi mbili, na komuteta, yaani pete ya shaba iliyokatwa vipande vitatu.

Mshindani huanzia nje. Gari lisipokwenda, hutazama kwanza nyuzi za shaba zinazogusa reli, kisha waya, kisha maungio. Kwetu sisi hiyo ni betri, swichi na sehemu zilizolehemiwa. Ikate mota kwenye kifaa chake, iunge moja kwa moja na betri mpya zenye volti inayostahili. Ikizunguka vizuri, iache. Tatizo liko kwingine.

Tahadhari kwa wanaotumia sola: paneli inayoitwa ya volti 12 hutoa volti 20 na zaidi jua likiwa kali na kukiwa hakuna mzigo mkubwa. Mota iliyotengenezwa kwa volti 3 ikiungwa hapo, brashi huliwa haraka na vanishi ya waya wa koili huungua.

Ikiwa bado haizunguki, tumia vidole. Zungusha shafti taratibu. Mota nzima ya koili tatu na sumaku mbili hukwamakwama kidogo mara sita katika mzunguko mmoja, kwa sababu chuma cha ndani kinavutwa na sumaku. Usiposikia mkwamo wowote, shuku sumaku. Ikiwa nzito mfululizo, tafuta unywele au uzi uliojisokota kwenye shafti, vumbi, au ukavu wa bushi. Tone moja la mafuta mepesi kwenye ncha ya sindano linatosha kila upande. Mafuta yakizidi hutiririka hadi kwenye komuteta, yakachanganyika na unga wa brashi, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili.

Sasa chukua multimita. Tuseme mota yetu haianzi mpaka isukumwe kwa kidole, kisha inakimbia ikitetemeka. Weka multimita kwenye omu, shika ncha mbili za mota, zungusha shafti polepole. Ikisoma kwamba njia imekatika kila mahali, brashi hazigusi. Namba ikikaa karibu ileile, koili zina afya. Ikiruka maradufu kila inapofika upande mmoja, koili moja imekatika.

Hesabu yake ni hii. Koili tatu, tuseme kila moja ina omu 6, zimeungwa kwa umbo la pembetatu. Ukipima kati ya vipande viwili vya komuteta, koili moja iko sambamba na mbili zilizofuatana, kwa hiyo unasoma omu 4 kwa jozi zote tatu. Koili moja ikikatika, jozi iliyo kwenye ncha zake inasoma 12, na jozi mbili nyingine zinasoma 6. Hapo sasa una sababu ya kuifungua. Mara nyingi waya hukatikia pale unaposhikana na komuteta. Kwangua vanishi yake, lehemu upya kwa risasi kidogo, kisha pima tena. Ukiwa umeshafungua, safisha pia mianya ya vipande vya shaba kwa kijiti chembamba, maana unga wa brashi ukijaa hapo hupitisha umeme usipotakiwa.

Kuna hali mbili zinazodanganya hata mafundi wazoefu. Ya kwanza ni mota inayokimbia kuliko zamani bila mzigo, lakini gari likiwekwa chini halina nguvu, nayo inapata moto. Watu huisifu kwa kasi, kumbe sumaku zimedhoofika: sumaku dhaifu haizalishi volti ya kutosha ya kuupinga umeme unaoingia, hivyo kasi na ampea hupanda huku nguvu ya kuvuta ikishuka. Kubadilisha brashi hakutaiponya.

Ya pili ni mota ya redio kaseti. Nyingi zina saketi ndogo ndani ya kudhibiti kasi ili muziki usiyumbe. Kipimo cha omu kwenye ncha zake hakikuelezi hali ya koili, na ukigeuza chanya na hasi haigeuki upande wa pili kama mota ya kawaida. Kabla ya kuiita mbovu, soma maandishi ya mgongoni uheshimu chanya na hasi.

Kwa vijana wanaojifunza kazi hii, ombi langu ni hili: kabla hujagusa bisibisi, andika volti uliyoipa mota, namba ulizozisoma, na ulichosikia kwa vidole. Ukishindwa kuandika hayo matatu, bado hujajua mota inaumwa nini, na huna sababu ya kuifungua.