Saa za Mwezini

Tangu Buzz Aldrin atembee mwezini Julai 1969 akiwa na Omega Speedmaster mkononi, mafundi wa saa hawajachoka kuiuza safari ile. Saa yenyewe ilistahili sifa. Lakini kila toleo la ukumbusho hurudia nyayo zilezile, kana kwamba anga haina habari nyingine.

Habari zipo, tena karibu nasi. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililo baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza ya kuchunguza tu miali ya eksirei itokayo angani. Iliitwa Uhuru, kwani siku hiyo Kenya ilitimiza miaka saba ya kujitawala.

Hata hivyo, kuandika “Uhuru” kwenye uso wa saa kutakuwa ukumbusho mwingine tu. Hapa Lionja mshale ukifika 7 asubuhi twasema saa moja, maana hesabu yetu hufuata jua. Kila siku twaisahihisha saa ya mgeni kichwani. Fundi atakaye kutuuzia anga, ndugu msomaji, na aanze na jua hilo.